Picha Iliyopunguza Nyumba

Kaka yangu Feruzi anapaka rangi minara ya telefone, ile mirefu ya chuma, kipande chekundu, kipande cheupe, tena chekundu, mpaka juu. Watu wengi wa huku Kasungami wanafikiri mnara unazaliwa na rangi yake. Hapana. Kuna mtu anayepanda na ndoo kiunoni, amejifunga kamba, na anaanza kupaka kule juu akishuka pole pole, kwa sababu ukianza chini utashika rangi mbichi ukipanda. Mtu huyo ni Feruzi.

Si mtu wa maneno mengi. Akirudi kazini anasugua mikono kwa petroli nje, mama hataki ile harufu iingie ndani, kisha anakula bukari yake, ugali wetu wa huku, halafu anatoa telefone na kutuonyesha alichokiona siku hiyo.

Maana kule juu hapaki tu. Saa ya kupumzika anapiga picha, na picha zake si kama za watu wengine. Unaona soko letu, lakini ni soko la kuchezea. Vibanda ni kama viberiti, nyanya kama shanga, akina mama kama wanasesere ambao mtoto amewapanga na kuwasahau. Unataka kuingiza kidole umsogeze mmoja aondoke kwenye jua. Na bado ni soko lenyewe, lile ulilonunua chumvi asubuhi.

Nilipomuuliza anafanyaje, hakuichukua telefone. Alinionyesha sisimizi aliyekuwa anatembea juu ya jiwe.

"Weka macho karibu. Nyuma yake unaona nini?"

"Sioni muzuri. Iko sawa moshi."

"Sasa angalia terril kule," akaonyesha ule mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda, mbali kabisa upande wa mjini. "Na miti ya mbele yake?"

"Yote naona."

"Bon. Jicho lilizoea vile. Kitu kidogo tunaangaliaka karibu, na pembeni yake panapotea. Miye napoteza juu ya picha na chini ya picha, katikati naacha wazi. Jicho linajisemea, aa, kumbe iko kadogo."

Hayo ndiyo yote. Lazima uwe juu, lakini si juu sana. Lazima jua liwe kali na vivuli viwe vifupi. Mwisho anazidisha rangi, kwa sababu vitu vya kuchezea vina rangi za kupiga kelele kuliko vitu vya kweli. Mtaani watu walizoea. Jirani yetu Mama Brigitte, mwenye kukaanga mikate, maandazi yetu, asubuhi, siku moja alionyeshwa maandamano ya matawi ya parokia yao, naye yuko katikati ya barabara na tawi lake, mdogo kama njiti.

"Feruzi, Mungu alinifanya mufupi, na weye unaongeza?"

"Maman, bote bamekuwa bafupi."

"Ata padiri?"

"Ata padiri."

"Basi sawa. Nitumieko ku telefone yangu."

Rehema, mchumba wake, Feruzi alimpata akiwa mnarani. Walikuwa wamempeleka Kasumbalesa, kule mpakani, kupaka mnara ulio nyuma ya nyumba za watu, na msichana mmoja akatoka uani akapiga kelele mpaka madereva wa malori wakageuka: "Weye wa juu! Rangi yako inaanguka ku nguo zangu!" Feruzi alishuka kuomba samahani. Fundi wa rangi hashuki katikati ya kazi, lakini alishuka. Nguo moja ilikuwa na tone jekundu, na Rehema akamwambia alioshe mwenyewe, na yeye akaliosha. Mengine sikuambiwa. Ninajua tu kwamba baada ya hapo alikuwa anakubali kila kazi ya upande ule wa mpaka, hata ya kupaka uzio.

Rehema hana baba. Amelelewa na mjomba wake, Mzee Hassani, mwenye kubadilisha pesa pale mpakani. Anakaa chini ya mwavuli na kimeza chake, na kila noti anainyanyua juani, anaigeuza, anaipapasa kwa dole gumba, ndipo anapoiamini. Baba yetu mdogo Idriss alipokwenda kupeleka neno la posa, alirudi akicheka, eti hata kadi yake ya uchaguzi mzee aliigeuza nyuma.

Kwetu sisi, watu wa msichana hawapokei mahari kabla hawajaona mtoto wao atalala wapi. Na Feruzi nyumba anayo, nyuma ya ile ya mama, kiwanja kimoja. Matofali aliyachoma pamoja na mama, udongo wakatoa papo hapo uani, shimo limebaki na leo lina migomba. Vyumba viwili na saluni ya kupokelea wageni, bati za bluu. Mzee Hassani alitaka kuja kuiona, lakini wiki zile malori yalikuwa yamejaa njia nzima na hakutaka kuacha kimeza chake siku nzima. Akasema, "Nitumieko picha kwanza."

Picha ya kusimama tu mbele ya mlango ingetosha. Lakini Feruzi alisema picha ya kumtumia mkwe huwezi kuipiga kama picha ya kuuza mbuzi. Alitaka kumheshimu kwa kile anachokijua kuliko vyote. Basi akapanda mnara wa nyuma ya dispanseri yetu, jua la saa sita, akampigia mama telefone kutoka kule juu.

"Mama, simama ku mulango. Hapana, usiangalie juu. Sogea kidogo ku bakuku. Vile vile."

Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha manjano cha sikukuu. Jioni tuliiona picha, na kusema kweli hajawahi kupiga nyingine kama ile. Bati zilikuwa bluu kama sabuni. Kuta zilikuwa nyekundu safi. Migomba ilikuwa kama manyoya yaliyochomekwa kwenye udongo, kuku kama punje, na mama mlangoni kama tone la asali. Mama aliishika telefone muda mrefu. "Niko muzuri," alisema, akamrudishia. Feruzi akaituma.

Jibu lilikuja kesho yake, jibu la sauti, na Feruzi kwa furaha aliliweka kwa nguvu uani ili sote tusikie.

"Asalaam aleikum, mwanangu Feruzi. Picha tumeipata. Maquette ni muzuri, kweli kabisa, fundi alitumika. Ata bakuku banafanana na bakuku. Na kale kapoupée ka manjano ku mulango, kenye kunona, katuchekesha sana hapa. Bon, mwanangu. Maquette tumeona. Sasa nyumba yenyewe iko wapi?"

Mzee alifikiri ameonyeshwa nyumba ya mfano, zile za karatasi ngumu ambazo wauza viwanja wanaziweka mezani. Na mama yetu alimfikiri mwanasesere.

Feruzi alikuwa bado ameinyoosha telefone mbele yake.

"Kapoupée?" mama akauliza.

"Mama, hakujua."

"Kenye kunona, anasema."

"Mama..."

"Nimesikia, Feruzi. Masikio yangu hayakupunguzwa."

Mtu asiye wa kwetu anaweza kucheka tu. Lakini wakwe kwetu hawataniani. Mama wa kijana na mzee wa msichana wanaheshimiana mpaka kuogopana, wakikutana njiani kila mmoja anatafuta pa kupitia. Kumwita mkwe wako mwanasesere mnene si neno dogo, na mzee alikuwa amelisema kwa sauti yake mwenyewe bila kujua.

Feruzi alimpigia palepale.

"Papa, haiko maquette. Ni nyumba ya kweli. Miye njo niliipunguza."

"Uliipunguza?"

"Ndiyo, papa. Mu picha."

"Mwanangu, bantu bote banakuzaka nyumba yao mu picha. Juu ya nini weye unapunguza?"

Feruzi alisema ni kwa kupendeza. Mzee akasema mm. Ile mm ilikuwa ya mtu anayegeuza noti.

Akapiga picha nyingine, ya chini, ya kawaida, amesimama kwenye njia. Akaituma. Jibu: "Hapa bati iko bluu ya kuchoka. Ku maquette ilikuwa bluu mupya. Ukuta wa maquette ni mwekundu, huu ni wa vumbi. Mwanangu, ulitafuta nyumba ya bantu yenye kufanana na maquette yako. Inafanana, lakini haiko yenyewe."

Feruzi akasema atapiga video. Katika video nyumba haiwezi kusema uongo. Akamwomba mama azunguke nyumba yote, aingie, atoke, aguse ukuta. Mama alizunguka. Lakini bado alikuwa na neno lile kifuani, na alizunguka na uso wake wa kudai haki sokoni. Mzee Hassani aliitazama na watu wake, tukaambiwa, mara nyingi. Kisha akauliza: "Huyu maman mukali ni nani? Uliomba ruhusa mbele ya kuingia ku nyumba yake?"

Hapo hata mimi nilitoka uani nikaenda kucheka nyuma ya migomba.

Lakini haikuwa ya kucheka. Jioni Rehema alipiga. Feruzi hakujificha, alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, na mimi nilikuwa nachambua maharagwe pale karibu.

"Anasema nini?" Feruzi aliuliza.

"Anasema mwanaume mwenye kuonyesha nyumba ya kuchezea, ataleta ndoa ya kuchezea. Anasema tuache kwanza."

"Tuache mpaka lini?"

"Hakusema. Feruzi, miye nakuamini. Lakini haiko miye nitatoa jibu, unajua."

"Najua."

"Juu ya nini hukupigako tu picha ya mulango?"

"Nilitaka iwe muzuri."

Rehema mwenyewe nyumba hajaiona, msichana haendi kwa mume kabla ya ndoa, hakuweza kusimama mbele ya mjomba wake na kusema nimeiona. "Ilikuwa muzuri," akasema mwisho. "Sana, ata. Njo shida yenyewe."

Siku zilizofuata Feruzi alipanda, akapaka, akashuka. Telefone haikutoka mfukoni. Watoto wa jirani walimwomba awafanye wadogo, akawaambia wasubiri. Alitaka kwenda Kasumbalesa mwenyewe kuongea na mzee, na mama akamuuliza, "Utaenda na nini? Nyumba utaibeba ku kichwa?" Akakaa.

Mzee Hassani alikuja Jumamosi, bila kumwambia mtu. Nadhani noti ya mashaka anaitazama hivyohivyo, hamwambii mwenye nayo kwamba anaitazama. Tulikuwa uani, mama anafua, amevaa kitenge cha zamani kisicho na rangi tena, mimi natwanga. Feruzi alikuwa mnarani upande wa barabara kubwa. Nikaona mzee wa kofia nyeupe anapita, telefone mkononi. Anatazama telefone, anatazama mtaa. Akapita nyumba yetu. Akarudi. Akapita tena. Alikuwa anatazama chini chini, kwenye kibanda cha mikate cha Mama Brigitte, kwenye banda la kuku, kama mtu aliyeangusha kitu.

Mwisho akasimama kwenye uzio wetu.

"Hodi, maman. Jambo."

"Jambo, papa. Karibuni."

"Nasumbua kidogo. Natafuta nyumba moja. Banasema iko huku, lakini miye nazani haiko." Akanyoosha telefone juu ya uzio. "Muliona nyumba kama hii huku?"

Mama alipangusa mikono, akaichukua, akaishika mbali na macho. Nikaona uso wake unatulia. Sikupenda utulivu ule. Nikaacha kutwanga.

"Hii nyumba naijua," alisema.

"Kweli? Iko?"

"Iko. Muko mbele yake."

Mzee alinyanyua macho juu ya kichwa cha mama, mpaka kwenye nyumba ya nyuma, ukuta, dirisha, bati. Akarudi kwenye telefone. Akanyanyua tena.

"Hapana, maman. Ile pale iko kubwa."

"Na kale kapoupée ka manjano, papa," mama alisema kwa sauti ya heshima kabisa, ile ya kumkaribisha mgeni chakula, "kenye kunona, ku mulango. Munakaona?"

Mzee alikuwa anamtazama sasa, na nikajua ameliona lile jambo kabla halijasemwa.

"Njo miye."

"Astaghfirullah," alisema Mzee Hassani. Akavua kofia, akaivaa tena. Akageuka upande, maana mkwe huwezi kumtazama usoni, na hasa mkwe uliyemcheka mbele ya watu wa kwenu. Hakuwa na pa kujificha isipokuwa kwenye ukuta wa Feruzi. Akaingia uani, akaenda mpaka pale, akasimama ameupa mtaa mgongo. Na akiwa pale, nadhani mkono ulijiendea wenyewe, akaugonga. Akaupapasa kwa dole gumba.

"Gongeni tu, mukwe," mama alisema kutoka kwenye beseni lake. "Ni tofali. Haitalia."

Nilimletea kiti na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Hakukaa na hakunywa. Kwa wazee wetu, aliyemkosea mkwe hanywi kwake kabla hajaleta kitu. Akatazama kulia na kushoto, akaona kuku wa Mama Brigitte, akamwita mwenyewe amuuzie mmoja. Mama Brigitte alikuja na jogoo kwapani, na hakuwa na haraka ya kuondoka, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unajua habari ile.

"Ni huyu, Maman Rabia?" akamuuliza mama yetu. "Mwenye kusema poupée?"

"Ni huyu."

"Eh! Papa, hiyo jogoo basi ni ya bei ya poupée. Muongeze."

Mzee aliongeza bila kubisha. Nilisikia baadaye kwamba pale Kasumbalesa hajawahi kuonekana akiongeza. Akamkabidhi mama jogoo kwa mikono miwili, akitazama udongo. Mama akampokea, akamtazama jogoo miguu na mabawa, naye bila haraka. Kisha akasema, "Sasa mukae, mukwe. Munkoyo inapata moto." Na akampigia Feruzi.

"Shuka."

Sauti ya Feruzi ilitoka na upepo. "Mama, niko na rangi mbichi katikati."

"Mukwe yako anashika ukuta. Shuka."

Alifika na pikipiki ya kukodi, mikono myekundu mpaka viwiko, hakuona pa kuiweka. Alisalimia akiwa ameificha nyuma. Mzee Hassani hakumwambia neno juu ya picha. Alisema tu, "Funguaka." Wakaingia. Alikagua chumba kimoja, cha pili, saluni. Alifungua dirisha na kulifunga. Alipiga mguu sakafuni. Akanyanyua uso kwenye mbao za paa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mvua inaingia?"

Niliona Feruzi anatazama kona ya chumba cha nyuma. Pale kuna doa, lakini siku ile kabati lilikuwa limelifunika.

"Inaingia, papa. Kule ku kona, kidogo. Bati moja haikulala muzuri. Nitaitengeneza mbele ya mvua kuanza."

Mzee alikwenda, akasogeza kabati, akaliona doa. Akaliwekea dole gumba. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu afike.

"Kaa chini, nikuambie," alisema, na yeye mwenyewe akakaa kwenye kizingiti. "Miye nilinunuaka nyumba mu maquette. Zamani, huku mujini. Baliiweka chini ya kioo. Barabara, miti ya sponji, bati nyekundu, ata kambwa kadogo ku mulango. Banasema, papa, chagua. Nikachagua na kidole. Nikatoa pesa. Siku ya kwenda kuona kiwanja, nikakuta majani na kichuguu kimoja kikubwa kama lori. Mpaka leo ni kichuguu. Sasa, ile maquette, mwanangu, haikuvujaka ata siku moja." Akagonga ukuta tena, taratibu, kama mtu anayepiga mgongo wa mtoto. "Hii inavuja. Basi iko nyumba."

Feruzi alicheka, akajisahau akajipangusa uso, akabaki na mstari mwekundu kwenye paji.

"Rehema atalala hapa," mzee akasema. "Kiisha Ramadhani. Lakini bati kwanza."

"Bati kwanza, papa."

Mama alikuwa mlangoni. Akaenda kuchinjisha jogoo, maana jogoo wa kuomba samahani akilala, neno nalo linalala ndani ya nyumba. Tulikula bukari na jogoo yule na sombe ya majani ya muhogo. Mzee alikula ameupa mama bega, na mama alikula jikoni, na kila mmoja alikuwa anasikia vizuri anachosema mwenzake. Feruzi alimwonyesha mambo ya sisimizi. Mzee akainama juu ya udongo na kofia yake, akamtafuta, akampata, akasema, "Kumbe ni macho yangu," na hakuonekana kusikitika.

Wakati wa kuondoka ndipo alipokumbuka kwamba pale Kasumbalesa kuna dada zake wawili ambao walicheka zaidi yake, na hawataamini. Akaenda akasimama kwenye ukuta, akaweka kiganja juu ya tofali, vidole wazi.

"Piga. Simama chini, palepale. Usipande kitu."

"Sipandi, papa."

"Na usipunguze kitu."

"Sipunguzi."

"Maman Rabia," alisema akitazama migomba, "kama munapenda."

Mama alikwenda ndani. Tukangoja. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha manjano, akasimama upande wa pili wa mlango, mbali na mkwe wake jinsi inavyotakiwa, na yeye pia akaweka mkono ukutani.